Mwayo Umekuja na Nani?

Alfajiri, kabla karasha la kusagia mawe halijawashwa, kijana amekaa juu ya kiroba cha mawe anapiga miayo. Wenzake wanamcheka kwamba usiku alikesha baa. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, anapita, anamtazama, anasema kimoyomoyo kwamba huyu ni mvivu. Nyumbani mkewe angesema ni njaa. Shangazi akija kutoka kijijini angesema kuna mkono wa mtu. Mwayo mmoja umepata hukumu nne, na hakuna aliyemuuliza kijana alilala saa ngapi, kichwa kinamuuma au la, na mikono yake ilianza kutetemeka lini.

Picha hiyo ni ya kutunga, lakini aliyewahi kupita Lwamgasa, Nyarugusu, Mwakitolyo au Kakola ataitambua. Katika ukanda huu wa dhahabu, kutoka Shinyanga na Kahama hadi Geita, mwayo una mizizi mingi. Usingizi unaliwa na kazi za usiku. Hewa inaliwa na moshi wa baruti na mashine. Damu inaliwa na malaria, safura na selimundu. Mishipa ya fahamu inaguswa na zebaki. Kwa hiyo anayeuliza apige miayo mingapi ndipo amwone daktari hatapata jibu kwa kuhesabu. Mwayo ni kama mgeni aliyebisha hodi: peke yake hana neno, la kutazama ni amefuatana na nani.

Pumzi ndefu isiyo na kazi ya pumzi

Mwayo wa kawaida huchukua kama sekunde 6. Taya hufunguka, pumzi ndefu huingia, macho hufumba, shingo hujinyoosha, kisha hewa hutoka kwa mkupuo. Mtoto hupiga miayo tangu akiwa tumboni mwa mama. Mbwa hupiga, nyani hupiga. Hakuna anayeamua kuanza, na anayejaribu kuuzuia katikati hubaki na hisia ya kukatishwa jambo.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mwayo huja kwa sababu mwili umepungukiwa na oksijeni. Maelezo hayo yanaingia akilini haraka, ila yalipopimwa hayakusimama. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Robert Provine na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliwavutisha wanafunzi oksijeni tupu, na wakati mwingine hewa iliyoongezwa kabonidayoksaidi. Kabonidayoksaidi ilipoongezeka wanafunzi walihema haraka zaidi, lakini idadi ya miayo haikubadilika. Mwili uliotaka hewa uliongeza kasi ya kuhema, na mwayo ukabaki na shughuli zake nyingine.

Shughuli hizo ni zipi? Jambo lililo wazi ni kwamba mwayo hupenda mipaka: kutoka usingizini kwenda macho, kutoka macho kwenda usingizini, kutoka kazi nzito kwenda kukaa bure. Andrew Gallup, mtafiti mwingine wa Marekani, amekuwa akitetea tangu 2007 kwamba mwayo husaidia kuupoza ubongo. Katika jaribio lake, waliokuwa wamewekewa kitu cha baridi kwenye paji la uso waliambukizwa miayo mara chache zaidi. Wanasayansi bado wanabishana juu ya hilo.

Ubishi huo unaweza kusubiri. Kilichoangushwa mwaka 1987 hakiwezi, maana kwa mchimbaji ni suala la uhai. Anayeamini kuwa mwayo ni kengele ya hewa mbaya atatulia chini ya ardhi maadamu hapigi miayo, kumbe anategemea kipimo kibovu. Hewa inaweza kuwa ya kuua na mtu asipige mwayo hata mmoja.

Kuna jambo la pili la kuweka wazi: mwayo huambukiza kwa macho na kwa masikio. Watoto wadogo, chini ya miaka 4 au 5, hawaambukizwi kwa urahisi; wakubwa tunauchukua mara moja. Kanda ya Ziwa ina kumbukumbu ya jambo la ukoo huo. Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, upande wa Kagera ya leo, kicheko kilichoanza kwa wasichana watatu kilienea hadi kwa wanafunzi 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Madaktari walipima damu na chakula, wasipate sumu wala kijidudu cha kulaumiwa. Miili ya watu walio pamoja, hasa walio chini ya mkazo, huigana bila kuombana ruhusa.

Basi wachimbaji watano wakipiga miayo mfululizo juu ya duara, huenda ni macho tu. Wakiumwa kichwa wote watano kwa pamoja, habari ni nyingine: wamevuta hewa moja.

Mingapi ni mingi?

Madaktari hawana idadi waliyokubaliana wote. Wapo wanaochukua miayo zaidi ya 3 ndani ya dakika 15, bila sababu inayoonekana, kuwa ni mingi kupita kawaida. Kipimo hicho kinasaidia kidogo, kwa kuwa watu hawalingani. Yuko anayepiga miayo 20 kila asubuhi tangu utotoni na ni mzima wa afya.

Kipimo kinachofaa zaidi ni mabadiliko. Je, miayo hii ni mipya? Imedumu zaidi ya wiki mbili ingawa mtu analala vya kutosha? Inakuja saa ambazo hakuwa akiipata, kwa mfano saa 4 asubuhi akiwa kazini? Na zaidi ya yote, ina wenzake: kizunguzungu, kichwa kuuma, kuhema juu juu, kutetemeka, kusinzia katikati ya mazungumzo? Mwayo mpya wenye wenzake ni wa kupelekwa hospitali hata kama ni mmoja mmoja. Miayo ya zamani isiyo na wenzake inaweza kuachwa, hata kama ni mingi.

Deni la usingizi

Tuanze na sababu iliyo ya kawaida kuliko zote, kwa kuwa wengi wanaopiga miayo sana hawaumwi: hawajalala. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila siku. Katika migodi mikubwa zamu za saa 12 ni jambo la kawaida, na mwenye zamu ya usiku hurudi nyumbani jua likichomoza, wakati saa ya mwilini inamwambia aamke. Analala chini ya bati lililopata moto, mtaa umeamka, redio ya jirani inaimba. Akipata saa 4 za usingizi uliokatikakatika anajihesabu mwenye bahati. Kwa wachimbaji wadogo hali ni ngumu zaidi: mawe yakionyesha dalili nzuri duara halilali, na karasha la jirani nalo halilali.

Deni la usingizi lina tabia ya madeni mengine: mdaiwa hulizoea. Baada ya wiki mbili za kulala kidogo mtu hudai yuko sawa, lakini mikono na macho yake yanasema vingine. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya macho na mikono kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, na aliyefikisha saa 24 ni kama mwenye asilimia 0.10. Mtu huyo hatoi harufu ya pombe, kwa hiyo hakuna anayemzuia kushika baruti, winchi au usukani.

Usukani nao ni sehemu ya habari hii. Barabara ya Isaka na Kahama hupitisha malori yanayokwenda mpaka wa Rusumo na ng'ambo yake, na tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, madereva wengi zaidi wako macho saa ambazo mwili unadai kitanda. Kwa dereva, mwayo unaorudi kila dakika chache ni onyo, na ukifuatwa na macho kuwasha, kichwa kudondoka au kutokumbuka kilomita chache zilizopita, onyo limeshakuwa amri. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya muziki hakulipi deni. Kuegesha mahali salama na kulala dakika 20 kunalipa sehemu yake.

Namna ya kutambua mwayo wa deni ni rahisi. Lala vizuri siku tatu au nne mfululizo, kisha tazama. Ukipungua, umepata jibu bila kulipa senti. Usipopungua, mshukiwa wa kwanza ni koroma. Anayekoroma kwa nguvu, akakata pumzi usingizini kisha akashtuka, anaweza kulala saa 9 na kuamka amechoka kuliko alivyolala. Yeye mwenyewe hajui. Mke, mume au mwenzake wa kambini ndiye shahidi, na ushahidi huo una thamani mbele ya daktari.

Chini ya ardhi

Novemba 2015 nchi nzima ilishangaa habari za wachimbaji watano waliotolewa hai katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, baada ya kufukiwa siku 41. Kufukiwa kuna kishindo, ndiyo maana kunatangazwa. Hewa mbaya haina kishindo.

Kabonimonoksaidi haina rangi, harufu wala ladha. Hutoka kwenye injini ya petroli au dizeli, kwenye baruti iliyolipuliwa, na kwenye jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi. Ikiingia kwenye damu hushika himoglobini, kibebeo cha oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, ila imebeba mzigo usio wake. Dalili za kwanza zinafanana na uchovu au malaria: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi mzito, na kwa wengine miayo. Mchimbaji anasema apumzike kidogo kwanza, anakaa pale pale, na hapo ndipo anapofia.

Kwa hiyo chini ya duara kanuni haihusu mwayo, inahusu wenzake. Mtu mmoja akisikia kichwa kinauma na usingizi unamvuta ghafla, wote wapande, si yeye peke yake. Pampu au jenereta isishushwe duarani wala isiwekwe mdomoni mwake. Baada ya kulipua, shimo lipewe muda na feni kabla mtu hajashuka. Na ndugu akianguka chini, anayemfuata bila hewa yake mwenyewe mara nyingi humfuata hadi mwisho. Huo ndio uchungu wa ajali za hewa: upendo huongeza maiti.

Aliyetolewa apelekwe kituo chenye oksijeni hata akisema amepata nafuu, na wanaompeleka waseme wazi kwamba alikuwa penye injini au moshi wa baruti. Kile kifaa cha kubana kidole kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu mwenye kabonimonoksaidi, kwa kuwa hakitofautishi vizuri kilichobebwa na damu. Moshi wa baruti una gesi nyingine pia ambazo zinaweza kuyajaza mapafu maji saa kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshaoga na kula. Kikohozi na kuhema kwa shida usiku ule si mafua.

Damu iliyopungua

Mshukiwa mwingine mkubwa katika mikoa hii ni damu. Upungufu wa damu humfanya mtu achoke kabla ya kazi, apige miayo, asinzie mchana na kuhema akipanda hata mwinuko mdogo. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Wengi wao huishi nao kama sehemu ya maisha, wakiamini kwamba mwanamke ni wa kuchoka.

Hapa njia za kupoteza damu ni nyingi. Utafiti wa 2022 uliweka maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5 kuwa karibu asilimia 8 kitaifa, na Shinyanga karibu mara mbili ya hapo. Selimundu nayo ina makao yake Kanda ya Ziwa: watafiti waliofanya kazi na Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipima sampuli za damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 kutoka kaskazini magharibi mwa nchi na kutangaza mwaka 2018 kwamba karibu mmoja kati ya 5 amebeba chembe ya urithi wake, na asilimia 1.2 wana ugonjwa wenyewe. Mtoto anayechoka kuliko wenzake, mwenye macho ya njano na maumivu ya mifupa yanayokuja na kuondoka, asiitwe mlegevu kabla hajapimwa.

Safura inastahili aya yake, kwa kuwa ni ugonjwa unaoandamana na wachimbaji tangu zamani. Mwaka 1880 wafanyakazi waliokuwa wakichimba handaki la reli la Gotthard, Uswisi, walipauka na kulegea kwa wingi, na uchunguzi ukaonyesha minyoo ya safura ndiyo iliyokuwa ikiwanyonya. Handaki lilikuwa na joto, unyevunyevu, miguu mitupu na hapakuwa na choo. Machimbo mengi yana mambo hayohayo manne. Mnyoo huingia kupitia ngozi ya mguu, hufika utumboni, na kila mmoja hunywa damu kidogo kila siku. Mtu haanguki, anafifia taratibu. Wenzake wanasema siku hizi fulani amekuwa mvivu.

Dalili za kujitazama mwenyewe ni chache na hazihitaji mashine: weupe ndani ya kope za chini, viganja vilivyopauka, moyo kwenda mbio bila sababu, na hamu ya kula udongo. Kipimo cha wingi wa damu ni cha kawaida na majibu hutoka haraka. Mjamzito anayepiga miayo na kuhema juu juu asisubiri tarehe ya kliniki.

Zebaki, au usingizi uliogeuzwa

Anayechoma dhahabu iliyoshikwa na zebaki huvuta mvuke usio na harufu. Mvuke huo hupenya mapafuni, huingia kwenye damu na kufika ubongoni. Uchunguzi wa afya uliofanywa Lwamgasa mwaka 2003, huku wakazi wa Katoro wakiwa kundi la kulinganishia, ulikuta karibu robo ya wachomaji wana dalili za kudhurika kwa zebaki, zikiwemo kutetemeka, kuyumba na usingizi kuvurugika.

Zebaki huja kwenye habari ya miayo kwa mlango wa nyuma. Inamnyima mtu usingizi wa usiku, na mchana inamwachia uchovu, hasira za haraka na usahaulifu. Akienda hospitali akasema tu kwamba anachoka, atapimwa malaria na kurudishwa nyumbani. Akisema anachoma dhahabu tangu miaka mitano iliyopita, mikono inatetemeka anaposhika kikombe na ladha ya chuma haimtoki mdomoni, mazungumzo yanabadilika. Kipimo cha zebaki hakifanyiki zahanati, kwa hiyo maelezo yake ndiyo ufunguo wa kupewa rufaa. Na kama anachomea jikoni au chumbani, wa kupimwa si yeye peke yake, ni mama na watoto pia.

Ardhi iliyowahi kusoma ugonjwa wa usingizi

Shinyanga ina historia ambayo wengi wameisahau. Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa, na katika miaka iliyofuata Charles Swynnerton, aliyekuwa msimamizi wa wanyamapori wa Tanganyika, aliifanya Shinyanga kituo kikuu cha utafiti wa mbung'o. Maelfu ya Wasukuma walitoka na mashoka kufyeka vichaka ili mdudu akose kivuli. Ufyekaji huo ulisaidia dhidi ya mbung'o, lakini pamoja na mifugo na kilimo cha pamba ulichangia kuiacha ardhi uchi, hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanzishwa mwaka 1986 kurudisha ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa, na miti.

Malale ya aina inayopatikana Tanzania huenda kwa kasi: wiki au miezi michache. Huanza na kidonda mahali mbung'o alipouma, homa zisizosikia dawa ya malaria, maumivu ya kichwa na viungo. Vimelea vikifika ubongoni usingizi hupinduka, mchana mtu anasinzia akiwa na kijiko mkononi, usiku anazunguka nyumba. Siku hizi wagonjwa ni wachache sana, na hilo ndilo linalomweka mgonjwa hatarini, kwa kuwa daktari kijana anaweza kuhitimu bila kumwona hata mmoja. Mwindaji, mrina asali, mchunga ng'ombe au mchimbaji aliyekuwa porini upande wa Kigosi au Burigi, akirudi na homa na usingizi uliogeuka, ataje pori na ataje mbung'o.

Dawa, arosto, kichwa na moyo

Baadhi ya dawa huleta miayo. Piritoni inayonunuliwa kwa mafua, dawa za kifafa na baadhi ya dawa za sonona zinaweza kumfanya mtu apige miayo siku nzima. Kuna dawa za sonona zinazoleta miayo hata bila usingizi. Suluhisho ni kumrudia aliyeandika dawa. Kuacha ghafla dawa ya kifafa kunaweza kuleta degedege baya kuliko lile lililotibiwa.

Kwa aliyezoea heroini, miayo inayofuatana na makamasi, machozi, jasho na tumbo kusokota ni arosto, na watoa huduma huihesabu miayo hiyo wanapopima ukali wake. Dawa ya methadoni inatolewa nchini tangu ilipoanza Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Sonona yenyewe, hasa kwa aliyepoteza mtaji wote kwenye duara lisilotoa kitu, nayo huvaa vazi la uchovu.

Sababu za kichwani na moyoni ni adimu, ila hazisubiri. Kipandauso kinaweza kutanguliwa na miayo saa kadhaa kabla ya maumivu. Anayekaribia kuzimia hupiga miayo huku akitoka jasho la baridi. Alazwe chini, miguu iinuliwe. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, akianza kupiga miayo, kutetemeka na kusikia njaa ya ghafla, apewe kitu chenye sukari hapo hapo akiwa bado anaweza kumeza. Na kiharusi au shambulio la moyo huweza kuja na miayo isiyokoma, lakini mara nyingi kuna dalili nyingine zinazojitangaza zaidi.

Dakika, siku, wiki

Tukikusanya yote, uamuzi wa kwenda hospitali unagawanyika kwa haraka inayotakiwa.

Dakika hii: miayo au usingizi wa ghafla pamoja na uso kupinda, mkono au mguu kulegea, kauli kukwama, maumivu ya kifua, kuzimia, kuchanganyikiwa, kichwa kuuma kwa ghafla na ukali usio wa kawaida, kutoka duarani au chumba chenye mkaa ukiwa na kizunguzungu, mtoto mwenye homa ambaye haamshiki vizuri, hanyonyi au ametingishwa na degedege. Hapo hakuna kujadiliana nauli na ukoo. Bodaboda, gari la mwenye duara, chochote chenye magurudumu.

Siku hii: homa, weupe wa kope, mjamzito anayehema juu juu, macho ya njano, mgonjwa wa selimundu aliyechoka kuliko kawaida yake, au dereva na mwendesha mashine ambaye tayari amesinzia kazini mara moja.

Wiki hii: miayo mipya iliyozidi wiki mbili licha ya kulala vizuri, kukoroma kwa kukata pumzi, mikono inayotetemeka, kukonda, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au miayo iliyoanza baada ya dawa mpya. Kikohozi hasa kisipuuzwe, kwa kuwa vumbi la mawe na kifua kikuu huenda pamoja.

Safari huanzia zahanati au kituo cha afya, na palipo lazima huishia hospitali ya rufaa ya mkoa au Bugando. Beba mambo matatu: umelala saa ngapi kila siku kwa wiki nzima, dawa zote unazomeza, za dukani na za mitishamba, na kazi unayofanya kwa jina lake halisi. Usiseme "shughuli ndogondogo." Sema unachoma, unashuka, unasaga, unaendesha lori. Daktari asiyejua kazi yako anakutafutia ugonjwa gizani. Atakayepitia kwa mganga wa kienyeji kwanza asiache saa za hatari zipite huko.

Kwa nini basi watu huchelewa? Si ujinga tu. Wachimbaji wengi hawana mshahara. Wana mgao wa mawe. Asiyeshuka leo hana kiroba leo, na aliyekwenda Geita mjini kupima damu anarudi kukuta mgao umeshafanyika. Mtu wa namna hiyo akisema "ni uchovu tu" hajakosea tafsiri. Amechagua jibu analoweza kulilipia.

Ndiyo maana sehemu ya tiba haiko duka la dawa. Iko kwenye ratiba ya kazi, feni, viatu, choo, na mahali pa kuchomea palipo mbali na jiko. Kwenye maduara yenye utaratibu kuna karani mwenye daftari: anaandika nani ameshuka, nani amepanda, viroba vingapi vimetoka. Hesabu ya viroba huangaliwa mara mbili, na kikipungua kimoja kazi husimama hadi kipatikane. Katika daftari hilo hilo kuna nafasi ya safu moja zaidi, kando ya jina la kila anayetaka kushuka: jana umelala saa ngapi?